Neno la Herufi Sita

Umeme ulikatika saa nane za usiku, Lubumbashi,
tukiwa tumefika Ibara ya Tisa.
Jenereta ya hoteli ilikohoa mara mbili, ikakata kauli,
na waheshimiwa kumi na wawili
wakawa sauti tu gizani,
sauti na harufu ya samaki mkavu
aliyebaki sahanini.

Mimi nilikuwa mfasiri. Kazi yangu ni kukaa kati,
kupokea Kifaransa kwa mkono wa kushoto
na kutoa Kiswahili kwa mkono wa kulia
bila kuonja.

Ibara ilisema hivi:
“Shaba, kobalti na vyote vilivyo chini ya udongo
ni mali ya Taifa,
kwa manufaa ya wakaaji wa mahali kwanza.”

Kwanza.
Herufi sita kwa Kiswahili, sita kwa Kifaransa.
Nilizihesabu kwa vidole, chini ya meza.

Mzee Kapend wa Kolwezi aligonga ubao:
“Mto wetu umekuwa mwekundu.
Shimo ni letu, vumbi ni letu, kikohozi ni chetu.
Hata neno moja mnatunyima?”

Wakili Bolamba, mtu wa mto na msitu,
alijibu polepole, nami nikafasiri polepole:
“Mwenye shaba akiwa wa kwanza,
sisi wenye maji na miti tutakuwa wa ngapi?”

Nilitafuta mahali pa kumchukia.
Sikupaona.

Ikaletwa mishumaa, imesimamishwa kwenye visosi.
Hapo ndipo soko lilipofunguliwa:
kiti cha Seneti kwa mkato mmoja,
makamu wa pili kwa aya nzima.
Mtu alitoka kwenda haja,
akarudi na msimamo mwingine.

Kabla ya jogoo, kwanza lilikatwa
kwa kalamu ya risasi yenye jina la hoteli.
Mahali pake wakaandika
“kwa kiasi kitakachowekwa na sheria.”
Maneno matano kuzika moja.
Sheria ipi? Itatungwa.
Lini?
Watu walikuwa wanavaa makoti.

Kapend alijifuta macho; labda ni moshi wa mishumaa.
Bolamba alimpa leso yake.
Hilo nililiona pia,
lakini hakuna aliyeniomba nilifasiri.

Nilifika Katuba kumekucha.
Baba, miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuru,
malimbikizo ya mishahara bado yako ofisini kwa mtu,
alikuwa uani anachochea mbabula.
“Muliandika nini juu ya shaba?”
Nikafungua mkoba.
“Ikala kwanza,” akasema. “Kunywa chai kwanza.”
Ukutani kichwa cha Mama Ngoie kikachomoza:
“Munikopeshe chumvi kwanza!”
Na mwanangu, mlangoni, kiatu kimoja mkononi:
“Mungoje kwanza!”

Lilikuwa limejaa uani kama kuku,
linadonoa huku na huku,
halina habari ya kilichofanyika hotelini.

Nikamsomea ibara.
Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kusikiliza,
kama mtu anayengoja chenji.
“Na kisha?”
“Imeishia hapo, Baba.”
Akautazama ule mlima mweusi wa masalia ya tanuru,
ambao sehemu yake aliimwaga yeye,
toroli kwa toroli.
“Kuna mtu alikufa kwenye hiyo meza?”
“Hakuna.”
“Kuna aliyeondoka akisema atarudi na bunduki?”
“Hakuna.”
“Basi si mbaya,” akasema,
kwa sauti ambayo ningeshindwa kuifasiri
hata kwa lugha yangu.

Mkate ulikuwa mmoja.
Aliukata vipande viwili visivyolingana,
akaviweka kwenye kifuniko cha sufuria.
Tukakaa tunavitazama,
chai inapoa,
kila mmoja akingoja mwenzake anyooshe mkono.