Hundi ya Verlene

Fomu ilikuwa na mistari mitatu ya maelezo.
Verlene Tisdale aliandika mpaka pembeni,
kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ukiwa ndani ya plasta.

Miezi kumi na tisa. Jibu: haikuthibitika.
Kamera ya kifuani, eti, ilizimika.

Mkono usioweza kuukata, ubusu.
Yeye aliushtaki.

Jiji la Toledo likalipa bila kukiri kosa.
Afisa Stuckey hakutoa hata senti;
bado anazunguka na gari lake mtaani Dorr,
na Jumapili moja alimpungia.

Usiku Verlene aliiinua hundi kwenye taa ya jikoni:
hazina ya jiji,
ileile anayoijaza kila Aprili.
Akacheka, akashika kifundo kisichokunjika vizuri.
Kumbe nimejilipa.