Ruta Haijui Talaka

Ilianza kwa kusitasita: asubuhi ipo, adhuhuri haipo,
kisha alama ya waifai ikapigwa mkasi mwekundu.
Nilizima, nikawasha. Nikaipuliza kama uji.
Nikaisogeza dirishani, Mto Rioni ukinguruma chini,
nikapanda nayo kitini.
"Kadi imekufa," alisema Gega wa ghorofa ya juu,
miaka kumi na miwili, sauti ya daktari bingwa.

Nami nina vikaratasi vya dawa vya kutafsiri,
kurasa arobaini za madhara yanayoweza kutokea:
kizunguzungu, kinywa kukauka, kukosa usingizi.
Mteja yuko Vilnius. Anataka Ijumaa.

Sokoni Kutaisi, kati ya muuza jibini na muuza soksi,
Nugzar huuza viungo vya laptopu zilizokufa.
Akanichagulia moja, akaipangusa kwa shati:
lari kumi na tano, na hairudishwi.

Tukaipindua mashine juu ya taulo.
Skrubu tisa. Gega akazipanga kwenye sahani
kwa ramani ya mahali zilipotoka,
nikaona mtoto huyu siku moja atamfaa mtu.
Chini ya kifuniko: vumbi, makombo ya mkate wa mwaka gani sijui,
unywele mmoja mweusi, wa enzi zangu za weusi.
Na kadi yenyewe, si kubwa kuliko stempu,
imeshikwa na skrubu moja na waya mbili,
nyeusi na nyeupe,
zimebanwa kama vifungo vya nguo ya kichanga.

Mpya ikaingia kwa mshazari, ikalala, tukaikaza.
Nikawasha. Giza, na mstari mmoja mweupe:
*Kadi hii haijaidhinishwa. Iondoe.*
Basi. Hata salamu hakuna.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
mwenyeji huyu alipendelea kuumwa.
Sentensi ile niliijua. Nilishasomewa dirishani, ubalozini,
na kijana aliyekuwa akitafuna bazoka.

"Inataka ya ukoo wake," Gega akasema.
"Kampuni ile ile, mwaka ule ule."

Ukoo.
Nikafungua kabati. Nyuma ya makoti ya baridi
ilikuwepo ya Badri, pacha wa yangu,
tulizinunua siku moja tukapewa punguzo,
skrini imepasuka toka kona hadi kona.
Aliiacha alipokwenda Poland kuendesha malori.
Mimi aliniacha baadaye, kwa simu.
Akiba haiozi. Nikachukua bisibisi.

Ikaingia. Ikakubaliwa.
Ikaniomba nywila kama mgeni yeyote,
nikaisoma kwenye fremu ya mlango wa jikoni,
kwa penseli, mwandiko wake.

Gega akataka kuhakiki. Akafungua orodha ya ruta,
vyote vilivyomo ndani ya nyumba:
simu yangu, televisheni,
simu ya Gega — Gega akakohoa —
na chini kabisa:
BADRI. *Yumo.*

"Kila kadi huzaliwa na namba yake," akanieleza.
"Ruta hukumbuka namba. Mtu haimwoni."
Miaka mitatu. Talaka ina mihuri miwili.
Ruta haikuletewa nakala.

"Nibadilishe jina?" Kidole kikasubiri.
Mawimbi: imara sana, orodha ilisema,
jambo ambalo hakuna aliyepata kulisema juu ya Badri.
Nikamwambia aache kwanza, nina kazi,
na ashuke kesho aje kula, maadamu mtandao anakula tayari.

Usiku, ukurasa wa thelathini na moja, nikazima mashine.
Nikatazama orodha kwenye simu.
Badri: *hayumo.*
Nikawasha. *Yumo.*
Nikazima.
Mara nne, labda tano,
kisha nikarudi kwenye kizunguzungu,
kinywa kukauka,
kukosa usingizi.