Mraba Usio na Vumbi

Mimi nilikuwa namba saba.
Hospitali ya Corner Brook, ninakopika,
ilinipa ruhusa ya wiki tatu,
na theluji ikanisindikiza hadi ngazi za mahakama.

Mshtakiwa: Leander Pynn, fundi bomba.
Shtaka: duka la Tizzard kuchomwa usiku wa manane,
na mzee Tizzard mwenyewe ghorofani,
usingizini.

Mara nne wakili wake alisimama:
"Mheshimiwa, kuna jambo la kisheria."
Mara nne tukatolewa nje kama watoto
wakubwa wanapotaka kuzungumza.

Chumba chetu kilikuwa na birika, biskuti za tangawizi,
na bomba la joto lililogonga-gonga
kama mtu aliyejengewa ukutani.
Philomena alifuma soksi. Gosse alisinzia.
Sauti za upande wa pili zilitufikia bila maneno,
harufu ya mchuzi wa jirani.

Tuliporudi mara ya tatu, kitu kilikuwa hakipo.
Tangu Jumatatu, mezani kwa karani,
palikuwa na boksi la kaki, limefungwa utepe mwekundu.
Sasa palikuwa na mraba usio na vumbi.
Jaji Noseworthy alifuta miwani, akaivaa, akaivua:
"Msichokisikia humu hakikusemwa.
Msikijaze kwa fikra zenu."

Jaribu wewe kutazama shimo
usitake kujua kina chake.
Mtaani lisemwalo lipo, na kama halipo laja.
Kule ndani lisemwalo halipo
mpaka aliyelisema aje mwenyewe,
aape, aulizwe, atokwe jasho.

Tuliyosemezana tulipofungiwa ni siri,
sheria imenishona mdomo.
Nasema tu kwamba tulitoka saa tisa alasiri
na jibu letu lilikuwa: hana hatia.
Binti yake Tizzard hakulia.
Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja,
akakosea, akaanza upya.

Jumamosi gazeti likanifungulia boksi.
Buti.
Jozi moja, soli zimelewa mafuta ya taa.
Konstebo Hiscock alizikuta ukumbini kwa mama yake Pynn.
Mama alikuwa amekwenda kwa jirani kurudisha bakuli,
mlango ameurudisha tu.
Konstebo hakuwa na hati ya upekuzi.
Hakubisha. Hakuita.
Alisukuma, akaingia.

Nilikaa na gazeti mpaka chai ikaota utando.
Nilimchukia jaji. Kisha Hiscock.
Kisha, kwa muda mrefu kuliko wote, nilizichukia zile buti,
kwa kuwa zilisema kweli
na zililetwa kwa mkono wa mwizi.
Namfikiria binti yule na vifungo vyake.
Namfikiria mama na bakuli tupu la jirani.
Mizani yangu hailali upande wowote,
na anayeniambia yake imelala, simwamini.

Mwezi Machi nilimkuta Pynn dukani akinunua balbu.
Alivaa buti mpya. Akanisalimu.
Nikaitikia. Ningefanyaje?

Jana jioni mlango wangu ulibishwa.
Hiscock, bila sare, na tiketi za bahati nasibu:
timu ya hoki ya watoto inataka jezi.
Mlango wangu nao haufungwi kwa ufunguo,
mtaani kwetu wachache hufunga.
Kupitia kioo nilimwona akikitazama kitasa,
mikono ameiweka nyuma.
Hodi ya kwanza.
Hodi ya pili, theluji ikimjaa mabegani.
Nilisimama hatua mbili kutoka kwake, mwiko mkononi,
nikasubiri ya tatu.

Ndipo nikasema karibu.
Akaingia, akafuta miguu kwenye mkeka,
akafuta, akafuta tena,
theluji ilikwisha zamani.