Kuhesabu Lusini

Aprili, nje kidogo ya Viroqua, Wisconsin.
Theluji imeacha mashuka machafu mitaroni.
Marit Tollefsrud ametangulia, buti za marehemu mumewe
zinampwaya, zinalamba tope: chwaa, chwaa.
Mimi nyuma, na duara la waya na daftari.

Mwaka wa kwanza, anasema, shamba lilikuwa bado mtoto,
lilitoa kidogo kama linaloomba radhi.
Wa pili likabalehe.
Wa tatu, usiniulize wa tatu!
Tulikata mara nne, marobota yakagusa paa la ghala,
Halvor akalala na viatu vyake mezani.

Huu ni wa saba.
Natupa duara bila kuchagua (ukichagua, umejidanganya),
napiga magoti, nahesabu mashina.
Thelathini na moja.
Natupa tena. Ishirini na nane.
Hamsini na tano ndiyo shibe;
chini ya arobaini, ng'ombe anakula deni.

"Lakini ni kijani," anasema.
Ni kijani, kweli. Hata magugu ni kijani.
Nang'oa mmea mmoja kwa koleo, napasua mzizi kwa kisu:
mrefu kama mkono wa mtu mzima,
ganda zima, moyo wa kahawia,
umeoza taratibu, baridi sita,
usimwambie mtu.

Kwetu tungesema la kuvunda halina ubani.
Simwambii. Kiingereza changu kina hesabu,
hakina ubani.

Anaushika. Anaunusa.
"Tupandie mbegu mpya kwenye mapengo?"
Hapo ndipo kazi hii hunichukiza.
Lusini haimpokei mwanawe miguuni pake;
mmea mzee huacha sumu udongoni,
na mche hufa ungali na majani mawili.
Si uchoyo. Sijui ni nini.

"Basi lilimwe," anasema, akitazama kwingine.
"Kisha mahindi," nasema. "Mbolea utanunua kidogo sana.
Mizizi hii imekuwekea akiba."
Anacheka kwa pua.
"Halvor naye alificha hela kwenye kopo la misumari.
Nilizikuta msiba umeshakwisha."

Mzizi anautia mfukoni, na tope lake.
Nami naandika: 31, 28, 33.
Wastani nauacha wazi
mpaka nifike garini.