Saa Moja na Dakika Ishirini

Twalib wa jirani alileta tufe lake la shule,
nikampa uzi mweusi wa cherehani.
Ncha moja Mombasa, akaibana kwa kucha,
ncha ya pili akaivuta juu ya samawati yote ile
hadi Melbourne, kwa Zulfa wangu.
Nikaupima uzi kwa futi ya kushonea:
haukutosha hata ukosi wa kanzu ya mtoto.
"Kilomita elfu kumi na moja na ushei, Bi Nargisi,"
akasema, kama anayenidai.

Zulfa alinipa hesabu nyingine kwa simu:
saa kumi na nne angani bila kugusa ardhi,
saa sita kwenye viti vya chuma
vya mji ambao jina lake lilinitoka,
kisha tano tena,
"na hapo, mama, natua Port Reitz
Jumamosi, saa moja na dakika ishirini."

Saa moja na ishirini! Nikaona hii ndege ina adabu,
imechagua saa ya watu,
saa ya mahamri na mbaazi.
Usiku nikakanda unga, nikapiga pasi shuka
ya kitanda alichokiacha miaka tisa.
Nilipokwisha kuswali alfajiri, Shekue akawasha gari:
Kibokoni, Makupa, Changamwe na malori yake,
mimi nimepakata hotipoti kama mtoto mchanga.
Tukafika dakika kumi kabla. Nikajisifu.

Alikuwa nje, kwenye ukingo wa saruji,
amelalia sanduku,
mtandio umemfunika hadi puani,
simu mkononi imekwisha chaji.
Mlinzi akasema, "Huyu yuko hapa tangu saa saba usiku."

Nikasimama na hotipoti yangu.

Elfu kumi na moja alizikata bila kukosea dakika,
marubani wamempokeza kwa marubani,
akaja kupotea hapa,
kati ya ulimi wake na wangu.
Yeye huanza kuhesabu usiku wa manane,
mimi nahesabu tangu jua lichomoze.
Alinitajia saa ya kule kwa maneno ya hapa.

Na mimi ndiye niliyemfunza, ana miaka minne,
chini ya saa ya ukutani ya marehemu babake:
mshale mfupi ukisimama kwenye saba, mwanangu,
wewe soma moja.

"Mama, umechelewa," akasema, usingizi ungali kooni.
Sikujibu. Nikafungua hotipoti,
mvuke ukampanda usoni.

Pale Makupa foleni ilitushika.
"Saa ngapi sasa?" akauliza.
"Saa mbili na robo."
Akanyamaza. Nikamtupia jicho la pembeni:
mkono u juu ya paja,
anakunja vidole kimoja kimoja,
vitano vyote,
kisha kidole gumba cha mkono wa pili.