Mguu wa Tatu

Gari la baba ni Pijo, nne-sufuri-nne,
rangi ya maziwa yaliyoganda,
na mwezi mzima lilikuwa bubu upande wa kushoto:
ukitaka kukata kona ya Kondele
unatoa mkono dirishani kama mtu anayepima mvua.

Wakala wa Nairobi aliniambia kwa simu
kidude chenyewe ni cha kuagizwa ng'ambo,
elfu kumi na nane, majuma sita,
na ushuru, dada, huo hatujauhesabu.
Nikamshukuru. Kwa bei hiyo
ningenunua mbuzi wawili, nao wangelia bila waya.

Basi Jumapili, baada ya misa, Kibuye.
Mfukoni kopo la bati, nene kama kidole gumba,
miguu miwili, limeungua ndani.
Wauza vyuma walikuwa wametandaza magunia:
nyaya zilizosukwa kama nywele za mtoto wa shule,
vioo vya taa visivyo na magari,
dinamo zilizochinjwa, shaba yake imeshapimwa kilo.
Wa kwanza alicheka.
Wa pili alinipa cha lori, volti ishirini na nne.
"Kitazoea," akasema.
Hakitazoea. Hata mimi najua hilo.

Ni Apondi, muuza spea za tuktuk,
aliyelishika kopo langu sikioni, akalitikisa
kama anayechagua yai.
"Huyu amekufa," akasema, "lakini ana ndugu maskini."
Akatoa kisanduku cheusi cha plastiki,
shilingi mia tatu hamsini,
miguu mitatu.

"Mitatu?"
"Betri, taa, na huu wa tatu unataka ardhi.
Yule mzee wako hakuhitaji.
Wa siku hizi, usipomfunga chini, hasemi."

Kijana wake, Magak, akajilaza chini ya dashibodi,
nusu ndani, nusu sokoni,
utepe mweusi umening'inia menoni.
Akakwangua rangi hadi chuma kikang'aa,
akakaza waya wa kijani kwa skrubu
iliyowahi kuwa ya cherehani.
Ardhi.
Nikakumbuka Rabuor, kaburi ambalo bado hatujalisakafia,
majani yaliyoota bila kumuuliza mtu.

Nikawasha.
Tik-tik-tik-tik. Upesi mno.
La baba lilikwenda tak, likapumzika, tak,
mwendo wa mwalimu anayesahihisha madaftari;
sisi kiti cha nyuma, macho tumefumba,
tulilihesabu mpaka getini.
Hili lina haraka ya watu wa Nyalenda
waliochelewa kibaruani.

"Laweza kupunguzwa?"
Magak akafuta mikono kwenye suruali.
"Linawaka?"
Linawaka.

Nilikata kona ya Kondele mikono yote ndani.
Nyuma yangu pikipiki ikapunguza mwendo, ikanipisha,
na mwenyewe hakujua alichonipa.

Bado wipa. Inafagia upande wa abiria tu.
Apondi anasema tuktuk hazimsaidii mtu hapo,
ila kuna basi la shule limekufa Ahero,
na mlinzi wake anaitika ukimpigia jioni.