Nukta ya Karani Odek

Fomu inauliza cheo. Naandika: msanifu wa mifumo.
Mama huwaambia watu wa Ahero
kuwa najenga nyumba zisizo na mabati. Hakosei sana.

Miaka kazini: kumi na saba.
Ujuzi: hapa wameacha nafasi ndogo kama dirisha la choo,
nami nabana humo seva, hifadhidata, foleni za ujumbe,
lugha sita za kompyuta, mbili zimeshakufa
na hakuna aliyekwenda matangani.

Hawakuacha nafasi ya giza.
Nani atajua kwamba nilizoea kuandika msimbo mfupi
kwa kuwa stima ya Kondele ilipotea saa mbili usiku
na betri ilikuwa na dakika arubaini,
na kwamba hadi leo nikiona programu ndefu
mkono hutafuta kibiriti?

Wala hawakuuliza habari za mpunga.

Mwaka wangu wa tatu, chama cha ushirika
kilitaka kuachana na madaftari. Nikatumwa mimi,
shati jeupe, kiburi kipya kabisa.
Karani Odek alinipokea kwa soda iliyopata joto
na vitabu kumi na vinne vinavyonuka panya na mafuta ya taa.
Jina. Namba ya shamba. Magunia. Kilo. Shilingi.
Na pembeni, kwa penseli, nukta.
Wengine wanayo, wengine hawana.

Siku nzima niliitafutia kanuni.
Haikufuata kilo. Haikufuata deni, wala kijiji, wala ukoo.
Nikaamua ni uchafu.
Sikumuuliza. Alikuwa pale, hatua tatu,
akichonga penseli yake kwa wembe.
Nikaipanga data safu kwa safu, nikaiosha ikang'aa,
nukta nikaiacha nje ya mlango.

Na mfumo ulikwenda, sisemi uongo:
malipo ya wiki tatu yakawa ya dakika nne,
meneja akanisifu mkutanoni mpaka nikaona haya,
nikarudi Kisumu nikiimba.

Mwezi wa pili mama mmoja, Seline Abong'o,
alisimama dirishani na karatasi iliyochapwa vizuri,
ameishika miguu juu kichwa chini.
"Odek alikuwa akinisomea," akasema.

Basi. Hiyo ndiyo nukta.
Huyu hajui kusoma: mtajie kiasi chake,
polepole, foleni isisikie.

Watu mia mbili na sita.
Niliwafuta wote
bila kufuta hata jina moja.

Odek hakunigombeza. Alisema tu,
"Nilidhani mashine inajua."
Maneno hayo nimetembea nayo
katika benki mbili, hospitali moja, na kampuni ya maji
iliyotaka kujua kwa nini, kabla ya kuchora chochote,
naomba kukaa na karani siku tatu.

Niliongeza safu moja. Ndiyo au hapana. Nikaiita nukta.
Kisha simu inayopiga kila Ijumaa
na kutaja kilo na shilingi kwa Kijaluo.
Sauti ni ya Odek; tulimrekodi ndani ya stoo,
katikati ya magunia, mwangwi usituingilie.
Kabla ya "elfu" anakohoa kidogo.
Vijana wangu wameniomba mara nne tukikate kile kikohozi.
Nimekataa, na sikuwa na sababu ya kiufundi.

Sasa fomu inataka mafanikio, kwa maneno hamsini.

Juzi Odek alipiga simu mwenyewe.
Amestaafu, analima ekari moja na nusu,
bado anadai ile soda.
Akaniuliza habari za watoto, habari za mvua huku Mamboleo,
akazunguka, akanyamaza.
Macho, akasema, yameingia ukungu.
"Kwenye jina langu," akasema, "nitilie ile kitu."

Nilifungua jedwali. Nikatafuta O.
Mshale ukawa unapepesa pale, unapepesa,
nami nikatamani, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba,
kuwa na penseli.